Waliitwa Malkia wa Chili, lakini majina yao hayakuandikwa kwenye kopo

Ukiingia supamaketi yoyote kubwa Marekani, hukosi kopo la chili. Ndani ni nyama ya ng'ombe kwenye rojo zito jekundu la pilipili, unapasha tu moto unakula. Nje kuna jina la kampuni, herufi kubwa. Wale akina mama walioufanya msosi huo ujulikane hawapo kabisa kwenye hilo kopo.

Stori yao inaanzia San Antonio, Texas. Sehemu hiyo ilikuwa chini ya Mexico hadi 1836, ndiyo maana hata jina la chakula chenyewe ni la Kihispania: chile con carne, yaani pilipili na nyama.

Katika miaka ya 1880, katikati ya mji kulikuwa na uwanja wa wazi ulioitwa Military Plaza. Mchana ulikuwa soko. Jua likizama, wanawake wenye asili ya Mexico walifika na mikokoteni, wakapanga meza ndefu na mabenchi, wakawasha taa na kukoka kuni. Chili walishaipika nyumbani tangu mchana, hapo uwanjani walikuwa wanaipasha tu. Kwa senti 10 mtu alipata sahani ya chili, maharage pembeni na tortilla, ule mkate mwembamba wa mahindi unaofanana na chapati.

Kwa lugha ya Bongo, hao ni mama ntilie kabisa. Wenyeji na wageni wakawabatiza jina la Chili Queens, Malkia wa Chili.

Reli ilikuwa imefika San Antonio mwaka 1877, na wageni wakaongezeka. Askari, wachunga ng'ombe, wafanyabiashara na watalii walibanana benchi moja usiku kucha. Mwandishi Stephen Crane alifika 1895, akala, na hakuacha kuandika jinsi pilipili ile ilivyomuunguza.

Ndani ya sufuria kulikuwa na nini?

Siri haikuwa nyama ya bei mbaya. Chili ni chakula cha kuipa heshima nyama ngumu, kama ya shingo au ya muundi. Unaikata vipande vidogo, unaikaanga kwenye mafuta mpaka ibadilike rangi, halafu unaiacha kwenye moto mdogo saa tatu hivi. Muda huo wote ile mishipa migumu inalainika taratibu, na ndiyo inayofanya rojo liwe zito. Ukiharakisha, utatafuna raba.

Pilipili zenyewe zilikuwa kavu, kama ancho, ambayo ni nyekundu iliyokolea na haina ukali wa kutisha. Zinachomwa kidogo kwenye kikaango bila mafuta, zinatolewa vikonyo na mbegu, zinalowekwa maji ya moto, kisha zinasagwa. Hapo unaongeza kitunguu saumu, bizari nyembamba na majani ya oregano. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, ndiyo maana ukizidiwa glasi ya maji haikusaidii kitu. Kunywa maziwa.

Na usidhani pilipili ni ya kwetu tangu enzi. Mmea huo asili yake ni Amerika, na watu wa Mexico waliulima maelfu ya miaka kabla Wareno hawajauvusha bahari kuuleta Afrika. Pilipili ya kachumbari yako na ya sufuria zile ni ndugu wa damu.

Jina likapaa, wenyewe wakafukuzwa

Mwaka 1893, kwenye maonesho makubwa ya dunia kule Chicago, kibanda cha chili ya San Antonio kiliwaonjesha watu kutoka kila kona. Miaka hiyohiyo ya 1890, mhamiaji wa Kijerumani aitwaye William Gebhardt, aliyekuwa na mgahawa New Braunfels jirani na San Antonio, alianza kusaga pilipili kavu na viungo kuwa unga wa kuuza. Baadaye kiwanda chake kikauza na chili ya kopo. Gebhardt alitumia akili, hilo halina ubishi. Ila ladha aliyoifungasha ilikuwa imeshapata wateja uwanjani.

Huko uwanjani, malkia walikuwa wanahamishwa. Jengo jipya la halmashauri ya jiji lilijengwa katikati ya Military Plaza, wakasogezwa viwanja vingine. Katika miaka ya 1930 maofisa wa afya wakawajia juu kuhusu usafi wa vyombo. Hoja ilikuwa na uzito, maana kuosha sahani za umati kwa maji ya ndoo ni hatari. Lakini mwaka 1937 masharti yalibana kiasi kwamba wakaondolewa. Meya Maury Maverick aliwarudisha 1939, safari hii ndani ya mahema yenye wavu, ila haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 biashara ikafa kabisa.

Mwaka 1977 bunge la Texas likatangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo. Leo Watexas wako tayari kugombana na yeyote anayetia maharage ndani ya sufuria. Malkia wenyewe waliyaweka pembeni ya sahani, maisha yakaendelea.

Kwa hiyo wikiendi hii ukibandika sufuria kubwa ya chili kwa ajili ya washkaji, punguza moto na uipe muda wake. Halafu jiulize: yule mama anayekulisha kila mchana pale karibu na kazini, ambaye wote mnamwita kwa jina la mwanawe, jina lake hasa unalijua?