Saruji na Upepo wa Ubavuni

Rubani wa miaka ya 1920 hakusumbuliwa sana na upepo wa ubavuni. Kiwanja chake mara nyingi kilikuwa uwanda wa majani, pengine na ng'ombe wa kufukuzwa kwanza, bila mstari wa kumwamuru ashuke upande gani. Alitazama moshi au mfuko wa upepo, akaelekeza pua ya ndege upepo unakotoka, akatua. Kesho upepo ukigeuka, naye aligeuka.

Ndege nyingi za wakati huo zilikuwa na magurudumu mawili mbele na kigurudumu, au kipande cha chuma tu, mkiani. Mpangilio huo ulikuwa mwepesi na uliinua propela mbali na mawe. Kasoro yake utaiona supamaketi: sukuma toroli lako mbele, linanyooka, lisukume kinyumenyume kwa kasi, linataka kugeuka. Uzito wa ndege hizi uko nyuma ya magurudumu makubwa. Upepo wa ubavuni ukiusukuma mkia kidogo, uzito huo unaendelea na safari yake, mkia unataka kuitangulia pua, na rubani aliyechelewa kukanyaga pedali anajikuta ndege inazunguka chini kama pia. Bawa la nje linakwangua ardhi, mguu unavunjika. Mara nyingi watu hushuka wazima, wakiwa wamepoteza ndege.

Kisha ikaja saruji. Ndege nzito zilihitaji sakafu ngumu, na Vita Kuu ya Pili ilisambaza njia za saruji na lami kila pembe ya dunia. Saruji ni ghali, kwa hiyo viwanja vingi vilibaki na njia moja au mbili, na ndege ndogo zikarithi mwelekeo huo. Tena, juu ya majani tairi huteleza kidogo na kumsamehe rubani, lami hulikamata. Ndiyo maana naona lawama ya "kosa la rubani" ina haraka mno. Kosa lilikuwapo, lakini tulikuwa tumebadilisha ardhi chini ya ndege ileile.

Wahandisi walilitambua. Fred Weick, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa anga ya serikali ya Marekani, alijenga na wenzake ndege ya majaribio ya W-1, yenye gurudumu la tatu mbele. Kutokana na mawazo hayo ikazaliwa Ercoupe, iliyoidhinishwa mwaka 1940, ambayo haikuwa hata na pedali za usukani wa mkia. Inatua ikiwa imekaa mshazari, magurudumu yanagusa, nayo inajinyoosha yenyewe. Goodyear walijaribu njia nyingine: magurudumu makuu yanayoweza kugeuka, yaliyofungwa kwenye baadhi ya ndege za Cessna 195. Ndege ilikimbia njiani huku pua ikitazama pembeni, kama kaa wa ufukweni.

Ushindi ulikuwa wa gurudumu la mbele. Mwaka 1956 Cessna waliingiza sokoni 172, ndugu wa 170 yenye gurudumu la mkiani. Za 170 zilitengenezwa zaidi ya 5,000. Za 172, zaidi ya 44,000. Kizazi kizima kikajifunza kuruka bila miguu yake kushughulishwa sana ardhini, hata Marekani ikaamua kwamba rubani ambaye hakuwahi kuongoza ndege ya gurudumu la mkiani kabla ya Aprili 15, 1991 lazima afundishwe na kuidhinishwa na mwalimu kwanza. Kutua kwenye upepo wa ubavuni ni sehemu ya mafunzo hayo: shusha bawa la upande wa upepo, gusa kwa gurudumu moja, na miguu isipumzike mpaka ndege isimame kabisa.

Hata hivyo ndege hizo hazijaondoka. Tsavo, Super Cub na Husky bado zinafanya doria juu ya tembo, kwa sababu ileile ya zamani, mawe na propela. Na kiwanja kilichofyekwa porini, kama cha saruji, kina mwelekeo mmoja tu.