Houdini Hakufia Majini

Mwishoni mwa filamu ya Houdini, iliyotolewa na Paramount mwaka 1953, Tony Curtis anateremshwa kichwa chini, miguu juu, ndani ya kasha la kioo lililojaa maji. Watazamaji ukumbini wamelidai tendo hilo kwa kelele. Mkewe, anayeigizwa na Janet Leigh, hakulitaka kabisa. Dakika zinapita. Kioo kinavunjwa, maji yanafurika jukwaani, na Houdini anakata roho mikononi mwa mkewe akimwahidi kwamba, kama njia ya kurudi ipo, atarudi.

Ni mwisho mtamu kwelikweli. Una penzi, una ukaidi wa msanii, una umati ambao kwa namna fulani unamuua mtu unayempenda. Shida yake ni kwamba haukutokea.

Harry Houdini alifia kitandani, katika hospitali ya Grace mjini Detroit, Jumapili mchana ya tarehe 31 Oktoba 1926, akiwa na umri wa miaka 52. Kilichomuua ni kidole tumbo kilichopasuka na kumwaga usaha ndani ya tumbo. Kasha la maji alilizindua mjini Berlin mwaka 1912, akaingia humo miaka nenda miaka rudi, na kila mara akatoka hai. Lakini ukiwauliza wenzangu wa shahada ya uzamili, ambao wengi hata filamu yenyewe hawajaiona, watakuambia alizama. Wamelipata wapi jambo hilo? Hawajui. Limo tu hewani. Mimi nasoma historia, na nikiri kwamba habari za namna hii huninyima usingizi kuliko vita na mikataba: picha moja nzuri ikishaingia vichwani mwa watu, nyaraka zote za hospitali haziwezi kuitoa.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kifo cha kweli kina uzito kuliko cha filamu. Oktoba ile Houdini alikuwa kwenye ziara ndefu. Tarehe 11, mjini Albany, fremu ya lile kasha ilimvunja kifundo cha mguu. Daktari akamwambia apumzike, hakupumzika. Akaenda Montreal, akatoa mhadhara Chuo Kikuu cha McGill kuhusu matapeli wanaodai kuzungumza na wafu, akaendelea na maonyesho yake kwenye ukumbi wa Princess. Tarehe 22 wanafunzi walimtembelea chumbani nyuma ya jukwaa. Alikuwa amejilaza kwenye kochi kwa ajili ya ule mguu, na mmoja wao akawa anamchora. Akaingia kijana mwingine, J. Gordon Whitehead, akamuuliza kama ni kweli kwamba anaweza kustahimili ngumi za tumbo. Kabla Houdini hajainuka wala kukaza misuli, ngumi zikaanza kumshukia.

Usiku wa siku iliyofuata alipanda treni kwenda Detroit akiwa na maumivu. Alifika na homa inayokaribia nyuzi 40. Daktari alitaka aende hospitali mara moja. Yeye akaenda ukumbi wa Garrick, tiketi zilikuwa zimeshauzwa, akapanda jukwaani huku akitetemeka. Hata baada ya kuanguka bado alibishana na watu kuhusu hospitali hadi usiku wa manane. Walipompasua, uozo ulikuwa umeshaenea, na dawa za kuua bakteria hazikuwepo enzi hizo. Baada ya siku chache, basi.

Madaktari wengi wa leo wana shaka kama ngumi inaweza kupasua kidole tumbo. Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni kwamba alikuwa anaumwa tayari, na zile ngumi zikampa sababu ya kudharau maumivu: alidhani ni misuli tu. Tena lipo jambo ambalo mwanafunzi wa historia halipiti bila kulitupia jicho. Bima ya maisha ya Houdini ilikuwa inalipa mara mbili kama kifo kimetokana na ajali. Ushahidi wa maandishi wa wale wanafunzi ulikusanywa na mawakili baada ya mazishi, kwa ajili ya madai hayo, na kampuni ililipa. Kwa hiyo hata ile habari "sahihi", ya ngumi, imetufikia kupitia mikono iliyokuwa na haja nayo. Simaanishi kuwa ni ya uongo. Namaanisha kwamba hakuna toleo la kifo hiki lililotufikia bure.

Filamu yenyewe imetoka wapi? Ilitengenezwa kutokana na kitabu cha Harold Kellock cha mwaka 1928, ambacho Kellock alikiandika kwa msaada wa kumbukumbu na nyaraka za mjane, Bess. Na nyingi ya nyaraka hizo ziliandikwa na Houdini mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kuacha ukweli usimame peke yake kama angeweza kuuvisha nguo nzuri zaidi. Hapo ndipo lawama dhidi ya Hollywood zinapoanza kuwa ngumu.

Chukua tukio maarufu kuliko yote katika filamu baada ya lile la kifo. Houdini anafungiwa ndani ya sanduku, linashushwa katika tundu lililokatwa kwenye barafu ya mto wa Detroit. Anajifungua, lakini mkondo umemsogeza mbali na tundu. Anaelea chini ya barafu akinyonya hewa kidogo iliyonaswa kati ya maji na barafu, hadi anaisikia sauti ya mama yake ikimwita, anaifuata, anatoka. Baadaye anaambiwa kwamba saa ileile mama yake alikuwa akifa.

Sasa weka tarehe mezani. Houdini kweli aliruka mto ule, tarehe 27 Novemba 1906, kutoka daraja la Belle Isle, akiwa na pingu mikononi. Magazeti ya mji yaliliandika tukio hilo, na yalitaja pia kwamba alikuwa amefungwa kamba ya usalama. Barafu haikuwepo, wala sanduku. Mama yake, Cecilia, alifariki Julai 1913, wakati wa joto, na mwanawe alikuwa Copenhagen, ng'ambo ya bahari. Kati ya tukio na tukio ipo karibu miaka saba. Hata hivyo aliyeleta barafu siyo mwandishi wa filamu. Ni Houdini. Alikuwa anaisimulia hadithi hiyo mwenyewe, ikinoga kila mwaka, na Kellock akaiweka kitabuni. Hollywood iliongeza sanduku na sauti ya mama.

Na nyongeza hiyo ya sauti ndiyo siwezi kuisamehe, ila nitaifikia.

Kwanza yaliyoachwa. Houdini alizaliwa Budapest tarehe 24 Machi 1874, jina lake Erik Weisz, mtoto wa rabi. Familia ilihamia Marekani, baba akapata sinagogi dogo katika mji wa Appleton, Wisconsin, kisha akapoteza kazi hiyo. Wakahamia Milwaukee, baadaye New York, wakiwa mafukara. Rabi Weisz alikufa mwaka 1892, akimwacha kijana wa miaka 18 na deni la ahadi: kumtunza mama. Huwezi kumwelewa Houdini bila chumba kile cha ufukara. Mtu anayetumia maisha yake yote kuonyesha kwamba hakuna mnyororo unaoweza kumshika alikuwa amemwona baba yake akishikwa na kila kitu. Filamu haina rabi. Ina kijana mtanashati asiye na asili, anayefanya kazi katika kiwanda cha kufuli na kuota ndoto za jukwaa.

Lakini tena, nani alianza kuificha Budapest? Houdini alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa Appleton. Kwa mhamiaji wa wakati ule uongo wa aina hiyo ulikuwa kama koti la baridi, huulizi kwa nini mtu kalivaa. Na aliyekuja kumwigiza, Tony Curtis, jina alilopewa na wazazi ni Bernard Schwartz, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Hungaria hiyohiyo. Myahudi wa Hungaria aliyebadili jina anamwigiza Myahudi wa Hungaria aliyebadili jina, na hadithi yenyewe haioni hapo jambo la kusimuliwa! Nikiwa na uwezo wa kutengeneza filamu moja tu maishani, ningeitengeneza kuhusu hilo.

Bess naye kapunguzwa. Kwenye filamu ni msichana wa shule anayeingia kuangalia maonyesho, anampenda kijana, halafu kwa muda mwingi kazi yake ni kuogopa. Wilhelmina Beatrice Rahner halisi alikuwa tayari msanii alipokutana na Houdini mwaka 1894, akiimba na kucheza katika kundi lililojiita Floral Sisters. Walioana baada ya wiki chache tu, yeye Mkatoliki wa familia ya Kijerumani ya Brooklyn, mume mtoto wa rabi. Akawa mwenzake kwenye lile tendo la sanduku ambapo mmoja amefungwa ndani, mwingine yuko nje, pazia linavutwa, na kufumba na kufumbua wamebadilishana. Tendo hilo halina mke anayetazama kwa hofu. Lina watu wawili wenye kasi na mazoezi sawa. Curtis na Leigh walikuwa mume na mke kweli wakati wa kupiga filamu, na ninahisi studio ilikuwa inauza ndoa hiyo kuliko ile ya 1894.

Sasa ile sauti.

Kiswahili kimetenganisha vizuri mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya. Tuna uchawi, na tuna kiini macho. Yule bwana wa mazingaombwe aliyepita shuleni kwenu akatoa sarafu sikioni mwa mwalimu mkuu, hakuna mtoto aliyerudi nyumbani akasema mwalimu karogwa. Houdini aliishi kwenye mpaka huo, na miaka yake ya mwisho aliutumia kuulinda. Rafiki yake Arthur Conan Doyle, muumba wa Sherlock Holmes, aliamini kwamba wafu huzungumza, na hata kwamba Houdini mwenyewe ana nguvu za ajabu anazozikana. Juni 1922, huko Atlantic City, mke wa Conan Doyle aliandika kurasa kadhaa akidai zinatoka kwa marehemu Cecilia. Houdini alizisoma. Zilianza kwa alama ya msalaba na ziliandikwa kwa Kiingereza. Mama yake alikuwa mke wa rabi, na Kiingereza kilimpiga chenga hadi kaburini.

Urafiki haukupona. Houdini akaanza vita. Mwaka 1924 alichapisha kitabu dhidi ya wapiga ramli wa aina hiyo, akaenda Boston kumkabili Mina Crandon, aliyejulikana kama Margery, na mwaka 1926 akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuunga mkono sheria ya kuwazuia mjini Washington. Sababu yake haikuwa falsafa. Alijua kufiwa na mama kulivyo, na alijua bei ambayo mtu katika hali hiyo yuko tayari kulipa.

Nami najua kidogo. Shangazi yangu alipofiwa na mwanawe wa pekee, alipatikana mtu wa kumletea salamu kutoka kwa marehemu. Salamu zilikuwa nzuri. Kila zilipokuja, kitu kilitoka ndani: kwanza cherehani, kisha mbuzi wawili, kisha fedha za kiwanja. Baba alipojaribu kumzuia, shangazi alimwambia, "Kaka, wewe una watoto watano, niachie mimi wangu mmoja." Baba akanyamaza. Hakuwa na Houdini wa kumwita.

Ndiyo maana naiona filamu ile kama ukatili wa namna fulani, ingawa najua waliitengeneza kwa mapenzi. Inagusia harakaharaka vita vyake na matapeli, halafu inampa mama anayeita kutoka ng'ambo ya kifo. Inaongeza na mzee wa kubuni aliyeacha jukwaa baada ya kugundua jinsi ya kuufanya mwili wake uyeyuke hewani, na inamfanya Houdini ahangaikie siri hiyo. Kwa maneno mengine, imempa ushindi Conan Doyle. Mtu aliyesimama mbele ya Bunge kusema ni kiini macho, jamani, ni kiini macho tu, Hollywood imemjibu kwamba ulikuwa uchawi.

Na ile ahadi ya kurudi, anayoitoa akiwa ameloa maji jukwaani? Ahadi ilikuwepo kweli, ila ilikuwa jaribio. Houdini na Bess walikubaliana maneno ya siri ambayo yangetambulisha ujumbe wa kweli na kuwaumbua waongo. Mwaka 1929 mtu mmoja, Arthur Ford, alidai kuyapata. Bess alimkubali kwanza, kisha akamkana. Aliendelea kusubiri, akiwa ameacha taa ikiwaka kando ya picha ya mumewe. Tarehe 31 Oktoba 1936, juu ya paa la hoteli ya Knickerbocker, Hollywood, walifanya jaribio la mwisho. Waliita, wakangoja, wakaita tena. Pingu zilikuwa zimewekwa hapo ili azifungue kama yupo. Hazikufunguka. Bess akasema miaka 10 inatosha, akaizima taa.