Ukanda wa Dhahabu, Mama Anakosa Chuma: Historia ya Miguu Isiyolala

Saa nane usiku, nyumba nzima imelala, mjamzito anazunguka sebuleni. Akijilaza tu, miguu inavuta na kunyevua kwa ndani. Akitembea, inatulia. Asubuhi anaambiwa eti anadeka.

Wala hadeki, na tatizo lenyewe halijaanza jana. Mwaka 1672 daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika kuhusu wagonjwa ambao wakipanda kitandani, mikono na miguu inarukaruka mpaka usingizi unakimbia. Baada ya hapo habari hiyo ikapoa muda mrefu. Mwaka 1945 Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaupa ugonjwa huo jina: miguu isiyotulia. Ikaja kuonekana kwamba unawapata sana wajawazito na watu waliopungukiwa madini ya chuma. Mwaka 1953 daktari mwenzake huko Sweden aliwachoma wagonjwa chuma kwenye mshipa, na wengi wakapata nafuu.

Sasa njoo Kanda ya Ziwa. Kuanzia Kahama, Shinyanga, mpaka Geita, ardhi inatoa dhahabu, lakini udongo unatafunwa pia. Si unaujua ule wa dukani, pemba? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo Geita ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wanakula udongo, wengi wao mara 2 hadi 3 kwa siku. Ulipopimwa, ukakutwa na sumu ya aseniki. Na kuna jambo jingine: udongo unaweza kuzuia tumbo lisinyonye chuma cha kwenye chakula. Mama anatafuna kumaliza hamu, kumbe damu inazidi kupungua. Ongeza malaria na minyoo, hesabu inakuwa mbaya.

Kwa hiyo dada, usione aibu kulisema kliniki. Omba wapime damu, na waambie kama unakula udongo. Vidonge vya FEFO meza kama ulivyoelekezwa, ila usishushie na chai, maana inabana chuma. Dagaa, maharage na mchicha, kisha chungwa. Jioni punguza kahawa, nyoosha na kanda miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hiyo ni habari nyingine, wahi hospitali.

Kwa wengi hali hii huisha baada ya kujifungua. Lakini upungufu wa damu hausubiri: mama akitokwa na damu nyingi leba, ndipo unapoweza kumgharimu maisha. Baba, badala ya kusema anadeka, msindikize kliniki.