Shufwa na Witiri

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Linux, programu ya kompyuta iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Ufini mwaka 1991, na ambayo yeyote anaruhusiwa kuirekebisha, imezionja zote. Katika miaka ya 1990 matoleo ya namba shufwa yalikuwa ya kutegemewa. Ya witiri, ya majaribio. Lakini kutoka toleo la 2.4 la Januari 2001 hadi la 2.6 la Desemba 2003 ilipita karibu miaka mitatu. Wasambazaji waliochoka kungoja wakabandika mapya wenyewe, kila mmoja kivyake. Baadaye mabadiliko yakatolewa kidogo kidogo, kila baada ya miezi miwili au mitatu, huku dosari za toleo lililotangulia zikirekebishwa kando. Basi hatari haimo katika upya, bali katika upya uliolimbikizwa.