Maji ya Bali: Hekalu, Maporomoko na Majaruba ya Mpunga

Mgeni afikaye kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, hakawii kupewa karatasi inayotangaza safari ya siku moja. Huambiwa kwamba, akiwa na gari lake peke yake na dereva wake peke yake, ataona mahekalu, maporomoko ya maji na matuta ya mpunga, kisha atarudishwa hotelini kabla ya chakula cha jioni. Sisi nasi tulipewa karatasi hiyo tulipopitia huko baada ya mkutano wa walimu wa lugha, tukailipia. Katika makala haya hatukusudii kusifu mandhari, kwani picha zake zimekwisha kuenea dunia nzima. Tunakusudia kuwaonyesha wasomaji wetu kwamba vitu vile vitatu, vinavyoorodheshwa kana kwamba havihusiani, ni kitu kimoja chenye historia ya zaidi ya miaka elfu. Na kwamba wataalamu wa karne ya 20 walipovitenganisha, mpunga uliliwa na wadudu.

Kabla ya kuondoka tulipata somo dogo la lugha. Dereva alitusalimu kwa Kiindonesia, "Apa kabar?", nasi hatukuhitaji mkalimani, maana "kabar" ni ndugu wa "habari" yetu, wote wawili watoto wa Kiarabu. Alituita "Bapak", kama vile kijana wa kwetu amwitavyo mtu mzima "Baba" au "Mzee". Tulipomuuliza juu ya mashamba, akatuambia kwamba mmea ulio shambani ni padi, punje zilizokobolewa ni beras, na kilichopikwa ni nasi. Mwalimu wa Kiswahili hana budi kufurahi hapo: mpunga, mchele, wali! Kiingereza huyataja yote hayo kwa neno moja, na kilipotaka kuutaja mpunga peke yake kililazimika kuazima lile padi kutoka Kimalei.

Safari ilianzia Ubud, ikaelekea kwanza kusini kwenye maporomoko ya Tegenungan, kisha ikageuka kaskazini kupitia Tegallalang na Tampaksiring hadi ukingo wa volkeno ya Batur. Sidhani kama waliopanga safari walikusudia hivyo, lakini njia hiyo humpandisha msafiri kinyume cha mkondo, toka yanakoanguka maji hadi yanakoaminiwa kutoka.

Tegenungan ni maporomoko ya mto Petanu. Si marefu, mtu aliyewahi kusimama mbele ya maporomoko yetu ya Murchison atatabasamu tu. Lakini tulipokuwa tukiteremka ngazi nyingi kuyafikia, tulitambua jambo lenye maana kuliko maji yenyewe, nalo ni kina cha bonde. Mito ya Bali imeyachimba majivu ya kale ya volkeno, yaliyogandamana yakawa jiwe laini, hata sasa inapita chini sana baina ya kuta zilizosimama wima. Mkulima mwenye shamba juu ya ukingo huyaona maji, huyasikia, wala hawezi kuyachota. Basi wazee wa Bali walifanya nini? Walikwenda juu ya mto, mahali palipo mbali na shamba, wakajenga kizuizi, wakayaingiza maji katika handaki lililochongwa ndani ya mwamba, na kwa mteremko mdogo sana wakayatokeza juu ya mashamba. Kazi hii ni ya zamani mno. Maandishi ya kifalme ya mwaka 896 tayari yanawataja undagi pangarung, yaani mafundi wa kuchimba mahandaki, kama watu wenye ufundi wao maalumu. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla Mholanzi yeyote hajatawala kusini mwa kisiwa.

Mto Petanu wenyewe una hadithi yake. Husimuliwa kwamba mfalme Mayadenawa aliwakataza watu kuabudu, mungu Indra akaja kupigana naye, na mfalme alipouawa damu yake ikageuka kuwa mto huu uliolaaniwa. Kwa muda mrefu sana, wasema, hapana aliyethubutu kumwagilia mpunga kwa maji yake, kwani ungalitoa damu wakati wa kuvunwa. Tuliiweka hadithi hii akilini, maana mto Petanu utarudi tena katika makala haya, mara hii mikononi mwa watu wa kompyuta.

Tegallalang ndipo penye matuta yanayopigwa picha kuliko yote. Kuna pembea za kurusha watalii juu ya bonde, na kila njia ina mtu anayedai ada. Hatukulaumu, kwani mwenye shamba naye hula. Ila tulishangaa kusikia kwamba mahali hapo hapamo katika orodha ya urithi wa dunia ambayo UNESCO iliutambua mwaka 2012. Orodha hiyo inataja ziwa Batur, hekalu lake, bonde la Pakerisan, nchi ya Jatiluwih na vijiji jirani chini ya mlima Batukaru, na hekalu la kifalme la Taman Ayun.

Sisi tulio na ndugu Kigezi tumezoea matuta, lakini matuta ya kwetu ni ya kuuzuia udongo usiporomoke. Haya ya Bali ni ya kuyashika maji. Kila tuta ni jaruba lenye ukingo wake, na maji yakishatosha hapo huteremka kwenye jaruba la chini, na la chini tena, hata yarudi mtoni. Anayeishi juu ana uwezo wa kumnyima aliye chini. Kwa hiyo lilipatikana shirika liitwalo subak, ambalo chimbuko la jina lake laonekana katika maandishi ya karne ya 11. Subak si kijiji. Ni jumla ya wakulima wote wanaonyweshea mashamba yao kutoka mfereji mmoja, hata wakiwa wa vijiji mbalimbali na matabaka mbalimbali. Humchagua mkuu wao, pekaseh. Hugawana maji kwa gogo lililochongwa mapengo ya upana uliokubaliwa, ambalo kila mpita njia aweza kulikagua kwa macho. Na hutoza faini kwa mwizi wa maji. Jambo lililotuvutia sisi walimu wa lugha ni hili: Kibali kina ngazi za heshima, mtu wa tabaka la chini hutakiwa kumpandishia mkubwa maneno naye akashushiwa, lakini katika mkutano wa subak wote huongea kwa lugha ya heshima, kila mmoja kwa mwenzake. Kuna subak zipatazo 1,200 kisiwani.

Tampaksiring ni jina lenye hadithi ile ile ya Mayadenawa: tampak ni unyayo, siring ni upande, maana mfalme alitembea kwa kingo za nyayo zake asiache alama alipokwenda kuitia sumu chemchemi ya askari wa Indra. Indra akaichoma ardhi ikabubujika chemchemi nyingine iliyowafufua, nayo ndiyo Tirta Empul. Watu bado huingia humo kujitakasa, wakipita toka bomba moja la jiwe hadi jingine. Mtalii huvishwa kanga ya kukodi na kusimama foleni pamoja nao. Juu kilimani pameonekana ikulu ambayo Rais Sukarno alianza kuijenga mwaka 1957.

Karibu na hapo, katika bonde la mto Pakerisan, kuna Gunung Kawi, minara kumi ya ukumbusho wa watu wa ukoo wa kifalme, iliyochongwa ndani ya genge katika karne ya 11, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 7 hivi. Kati ya safu moja ya minara na nyingine panapita mto, na pembeni mwa ngazi pana majaruba ya mpunga yanayolimwa hadi leo. Wafalme, maji na mpunga wamewekwa mahali pamoja, wala hapana ukuta baina yao.

Lakini kisa cha Tampaksiring tunachokipenda zaidi ni cha jiwe la kijiji cha Manukaya. Wanakijiji walikuwa na desturi ya kulichukua jiwe lao la kale kila mwaka, katika mwezi mpevu wa mwezi wa nne, na kulipeleka kuogeshwa Tirta Empul. Hapana aliyejua jiwe linasema nini, kwa kuwa herufi zake zilikuwa zimefutika na lugha yake kusahauliwa. Mtaalamu wa mambo ya kale, Mholanzi W. F. Stutterheim, alipofaulu kuyasoma maandishi hayo, alikuta yanaeleza kujengwa kwa chemchemi hiyo mwaka 962, katika mwezi mpevu wa mwezi wa nne. Kwa karne zipatazo kumi watu waliutunza mwadi wasioweza kuusoma.

Gari likapanda hadi Kintamani, baridi ikatukumbusha Kabale. Chini yetu, ndani ya shimo kubwa la volkeno, lilitandazwa ziwa Batur. Ziwa hilo halina mto unaotoka, lakini wakulima huamini kwamba maji yake hupenya chini ya ardhi na kuzilisha chemchemi za mabonde, chini ya ulinzi wa Dewi Danu, mungu wa kike wa ziwa. Hekalu lake, Pura Ulun Danu Batur, zamani lilikuwa chini karibu na ziwa. Mlipuko wa mwaka 1926 ukakifunika kijiji, nalo likajengwa upya juu ukingoni. Kuhani wake mkuu, aitwaye Jero Gde, huteuliwa akiwa bado mtoto na hutumikia maisha yake yote. Wajumbe wa subak huja kwake na mazao, wakarudi na maji matakatifu. Kila kizuizi mtoni kina hekalu lake pia, na katika mahekalu hayo subak jirani hukubaliana ni nani apande lini.

Wadachi, walioushinda ufalme wa Badung mwaka 1906 na wa Klungkung mwaka 1908 baada ya mauaji ya kutisha, waliziona sadaka hizo kuwa ni dini tu, wakashughulika na kodi ya mashamba. Makosa makubwa yalikuja baadaye, tena kwa nia njema. Indonesia ilikuwa na watu wengi wa kulisha na ililazimika kununua mchele ng'ambo. Katika miaka ya 1970 mabwana shamba walileta mbegu mpya za muda mfupi, zilizozalishwa katika kituo cha utafiti cha Ufilipino, pamoja na mkopo wa mbolea ya chumvichumvi na dawa za kuua wadudu. Wakulima wakahimizwa kupanda mfululizo, kila mmoja mara amalizapo kuvuna, bila kungoja kalenda ya hekalu. Mavuno yalipanda mwanzoni, na haki ni kulisema hilo. Kisha maji yakaanza kugombaniwa, na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mashina ya mpunga akazidi kupita kiasi. Ilipoletwa mbegu ya kumshinda mdudu huyo, yakatokea maradhi mengine. Mwaka 1986 serikali yenyewe ilipiga marufuku aina 57 za dawa zilizokuwa zikitumiwa katika mpunga.

Sababu yake si ngumu. Subak zote zikipanda na kuvuna pamoja, mashamba hukauka pamoja, wadudu wakafa njaa. Lakini maji hutakiwa na wote siku moja, hayatoshi. Kila subak ikipanda kwa wakati wake, maji hutosha; lakini wadudu huhama toka shamba lililovunwa hadi lililo bichi, hawakosi chakula mwaka mzima. Kazi ya mahekalu ilikuwa kutafuta kipimo katikati ya hatari hizo mbili, bonde kwa bonde. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani J. Stephen Lansing, pamoja na mwanaikolojia James Kremer, waliliingiza jambo hili katika kompyuta, wakizifuata subak 172 za mito ya Oos na Petanu, yaani mto wetu wa laana. Walijaribu kila namna ya kushirikiana, toka subak moja moja hadi bonde zima kwa pamoja. Mavuno makubwa yalipatikana katika mpango uliokaribiana sana na ule wa mahekalu. Mwaka 1988 tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Asia, iliyokuwa imefadhili mradi wa mifereji tangu 1979, ilikiri kwamba mahekalu hayakupewa nafasi yaliyostahili. Kufikia wakati huo wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuirudia ratiba yao.

Adui wa leo ni wa namna nyingine. Tulipokuwa tukiteremka jioni, tuliona upande mmoja wa njia majaruba yaliyojaa maji, na upande wa pili nyumba mpya za kupangisha wageni, kila moja na bwawa lake la kuogelea. Shamba likiuzwa katikati ya subak, mfereji hukatika, na walio chini yake hukosa maji ingawa hawakuuza kitu. Kodi ya ardhi inapanda kwa kufuata bei ya hoteli, si bei ya mpunga. Nasi, tuliokuwa tumelala katika mojawapo ya nyumba hizo, hatukuwa na la kusema.

Karatasi ya safari iliahidi kwamba tungemalizia sokoni Ubud. Dereva akatuomba radhi: baba yake ni mzee, na usiku ule ilikuwa zamu yao ya kufungua maji. Akatushusha mlangoni, akabadilisha viatu pale pale kando ya gari, akaondoka.