Neva Yenye Njaa: Ulevi wa Miaka Mingi na Kufifia kwa Macho Merigi

Kila pombe haramu inapoua watu Kenya, hesabu hutolewa kwa mafungu mawili: waliokufa na waliopofuka. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, walipofariki watu zaidi ya 120; ndivyo ilivyokuwa tena Mei 2014 katika kaunti kadhaa, Embu na Kitui zikiwemo. Sumu ilikuwa methanoli. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo asidi hiyo huzima mitokondria za neva ya jicho, na kwa siku moja au mbili mtu aliyekuwa anaona huwa haoni tena. Misiba hiyo imetuzoesha kuamini kwamba pombe hupofusha pale tu inapokuwa chafu. Imani hiyo naiona kuwa nusu ya ukweli, tena nusu inayodhuru. Katika sehemu kama Merigi, kule Bomet Mashariki, upofu unaostahili kuulizwa zaidi hauji kwa usiku mmoja. Huja kwa miaka, hata kwa pombe safi yenye leseni, kwa sababu neva ya jicho inakosa chakula.

Neva hiyo ina nyuzi zaidi ya milioni moja. Nyuzi nyembamba zinazobeba picha ya katikati, yaani ile tunayosomea na kutambulia sura za watu, ndizo zinazohitaji nishati nyingi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Nishati hiyo haipatikani bila vitamini za kundi B: thiamini, folati na B12. Mnywaji wa kupindukia huzipoteza kwa njia tatu kwa pamoja. Hali chakula cha kutosha kwa kuwa pombe humshibisha, utumbo wake hufyonza thiamini na folati kwa shida, na ini lake lililochoka haliweki akiba. Akiba ya thiamini huisha kwa wiki chache, ya folati kwa miezi, ya B12 kwa miaka. Ndiyo maana madhara huchelewa na hayatangazwi na maumivu yoyote. Macho yote mawili hufifia sawia, nyekundu hupoteza ukali wake, kisha doa la ukungu hukaa katikati ya kila kinachotazamwa. Tumbaku huongeza kasi.

Mzee wa Kikipsigis anaweza kupinga hapa, na ana haki. Atasema kwamba busaa ilinywewa tangu zamani, kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na wazee hawakupofuka. Nakubali zaidi ya nusu ya hoja yake. Busaa ni nafaka iliyochachushwa, na ndani ya uzito wake zimo vitamini B kiasi. Tena ilikuwa na wakati wake na watu wake. Chang'aa ni kitu kingine. Inapokenekwa, mvuke hupanda na kilevi, na vitamini hubaki chini na machicha. Anayehama kutoka chungu cha busaa kwenda glasi ya chang'aa amebadilisha kinywaji chenye chakula kidogo kwa kinywaji kisicho na chakula kabisa. Usafi hauingii katika hesabu hiyo. Kwa kweli chang'aa ya mahindi na sukari, isipochanganywa na kemikali za viwandani, huwa na methanoli kidogo, kwa sababu methanoli ya uchachushaji hutokana hasa na pektini ya matunda.

Pingamizi la kitaaluma ni zito zaidi. Katika miaka ya 1940 daktari Frank Carroll wa New York alionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii walipata nafuu kwa lishe bora na vitamini B hata walipoendelea kunywa na kuvuta. Dar es Salaam nako, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana wamekuwa wakipatwa na ugonjwa unaofanana sana na huu bila ulevi kuwa chanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliuhusisha na upungufu wa folati na moshi wa jikoni. Je, basi pombe haina hatia? Ushahidi huo unaitoa pombe katika kiti cha sumu na kuiweka katika kiti cha mwizi. Wagonjwa wa Carroll walipewa mlo na daktari. Mnywaji wa Merigi hana wa kumpa, ilhali chakula chenyewe kimemzunguka: B12 imo katika maziwa ya mursik, folati imo katika mboga ya mgagani. Kinachokosekana ni yeye kuketi mezani, na pesa za bonasi ya chai kufika nyumbani.

Kwa hiyo misako ya serikali, pamoja na sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliyoruhusu chang'aa itengenezwe kwa masharti, inalinda dhidi ya upofu wa ghafla tu. Huu wa polepole unapita kando. Mchuma chai anayeshindwa kuchagua majani mawili na chipukizi atadhaniwa ana mtoto wa jicho, au amezeeka, na atasubiri upasuaji usioweza kumsaidia, kwa kuwa lenzi yake ni nzima. Akigunduliwa mapema, akaacha pombe na kula, uwezo wa kuona hurejea kwa miezi. Akichelewa, nyuzi zilizokufa hazifufuki. Kumgundua kunahitaji maswali mawili ambayo muuguzi wa zahanati anaweza kuuliza: unakunywa kiasi gani, na leo umekula nini? Kisha apimwe rangi, apewe rufaa hospitali ya Longisa au Tenwek, na asipewe folati peke yake kabla B12 haijapimwa au kuongezwa, maana folati huweza kuficha upungufu wa mwenzake. Dawa zenyewe si za anasa. Vidonge vya folati viko tayari katika zahanati zetu, kwenye kliniki ya wajawazito.