Jopo la Kodi: Kimbilio la mwenye duka anayetakiwa kuhama

Mizozo baina ya wenye majengo na wafanyabiashara waliokodi maduka nchini Kenya kwa kawaida haianzii katika mahakama za kawaida. Huwasilishwa mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, linaloendeshwa chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo ilitungwa mwaka wa 1965 kuwakinga wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa dhidi ya kufurushwa na kunyonywa.

Kinga hiyo humhusu mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5. Kwa hivyo, muuza nguo aliyekubaliana na mwenye jengo kwa mdomo tu huenda akawa na kinga ambayo kampuni yenye mkataba mrefu, uliotiwa saini mbele ya mawakili, haina. Upangaji ambao serikali ni mhusika umeachwa nje.

Mwenye jengo anayetaka kuongeza kodi au kumhamisha mpangaji sharti atoe ilani ya maandishi katika fomu iliyowekwa na sheria, akitaja sababu. Ilani haianzi kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu mpangaji aipokee. Barua ya kawaida au amri iliyotolewa mlangoni haitoshi.

Hapa ndipo wengi hujiponza. Mpangaji asiyekubaliana na ilani hupaswa kupeleka malalamishi kwa jopo kabla ya siku iliyotajwa humo. Akifanya hivyo, ilani husimama hadi uamuzi utolewe. Akinyamaza, hata kama ilani ilikuwa ya uonevu, huanza kutekelezwa.

Sababu za kumhamisha nazo zina mipaka. Miongoni mwazo ni malimbikizo ya kodi ya miezi 2, nia ya kubomoa na kujenga upya, au mwenyewe kutaka kulitumia jengo kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Aliyelinunua jengo katika miaka 5 iliyotangulia hawezi kutumia sababu hiyo ya mwisho.

Kuwaita madalali wanadi bidhaa za mpangaji anayedaiwa pia huhitaji idhini ya jopo. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.